WAGENI WANAPOKUJA KUTAZAMA BUSTANI YETU

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Yoshua 9, 3 hadi 27, 2 Wafalme 5, 15 hadi 27.



Somo la mwezi huu tulilipata bustanini, na tulilipata kwa haya. Sisi tunaoliandika ni mashemasi tuliokuwa katika komite ya bustani ya mboga ya wamama, ile iliyo katika kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasenga. Wengine wenu mmesikia habari yake nusu nusu, na kwa vinywa mbalimbali. Ni vizuri muisikie yote kutoka kwetu, kwa sababu katika parokia nyingi ziko bustani za namna hii, na wageni wa misaada wanapita humo, na swali ni lile lile: wageni wakifika, tuwaonyeshe nini?

Kwanza muielewe bustani yenyewe. Ni bustani ya kiangazi. Mvua zikiisha mwezi wa 4, wamama wanateremka bondeni karibu na mto mdogo, wanakata nyasi, wanachimba matuta, wanaleta udongo wa kichuguu na mavi ya mbuzi. Wanapanda lengalenga, nyanya, vitunguu, ngai-ngai na shu. Mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi, maji yako karibu, shu zinafunga vizuri, na mtu akipita anasema hawa wamama wamebarikiwa. Lakini mwezi wa 9 joto linarudi, upepo unakausha, na mto unarudi nyuma hadi unabaki vidimbwi. Hapo ndipo bustani inakuwa kazi ya watumwa. Mvua haianzi vizuri mpaka mwezi wa 11.

Mwaka 2023 wamama 22 walikuwa na matuta 26, kila tuta meta 10 kwa meta 1. Mwezi wa 6 tuliandika rapoti kwa shirika moja la misaada lililokuwa limetupatia majembe. Tuliandika: matuta 26, wamama 22, maji yanatosha. Siku ile tulipoandika, ilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba mwezi wa 9 maji hayakutosha tena, na rapoti hatukuigusa. Mwisho wa mwezi ule matuta 11 ya upande wa chini yalikuwa yamekufa, yamebaki 15.

Barua ikafika mwanzoni mwa mwezi wa 10: vijana wanaojitolea katika shirika lile watakuja kutembelea bustani, watu 7, Wazungu 4 na Wakongomani 3 wa mjini. Komite ikakutana usiku, taa katikati ya meza. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema tuwaonyeshe matuta yaliyokufa. Tulisema: wakiona hivi, watatuhesabu wavivu, watapeleka misaada kwa wengine. Mmoja akasema, na wote tukaitikia, kwamba juu ya mto yuko mkulima mwenye pompi ya mafuta, shu zake ni nzuri, anaweza kutuuzia pamoja na mizizi.

Tulinunua shu 60. Pesa tulitoa katika sanduku la wamama, pesa ya lengalenga waliyoiweka kwa ajili ya mbegu za mwaka unaofuata. Usiku wa kuamkia ziara wamama walichota bidoni 30 gizani, wakalowesha matuta yaliyokufa, na alfajiri tukasimika zile shu kwa mistari kama askari kwenye paredi. Tulipomaliza tuliomba. Tuliomba Mungu abariki ziara! Mtu anaweza kuweka ombi juu ya uongo na bado akasema amina kwa sauti kubwa. Sisi tulifanya hivyo.

Wageni walitazamiwa saa tatu asubuhi. Fanfari ikapiga, wamama na vijana wakasimama njiani na mavazi ya kijani na nyeupe. Saa tatu ikapita, saa tano ikapita. Gurudumu la jipu lilikuwa limetoboka njiani. Walifika baada ya saa saba mchana, jua la mwezi wa 10 likiwa kichwani.

Mwenye kulima anajua kilichotokea. Shu iliyokomaa ina majani mengi yanayotaka kunywa, na ukiing'oa, mizizi midogo inayonyonya maji inabaki kule ilikotoka. Utaipa bidoni nzima na haitakunywa. Mche mdogo wenye majani manne au matano unahamishwa jioni, na udongo umeshika mizizi yake, unaishi. Mama mzima wa shu hahamishwi. Saa saba shu zetu 60 zilikuwa zimelala ubavu, majani yameanguka kama nguo iliyoanikwa.

Msichana mmoja katika wale wanaojitolea alipiga magoti kutazama. Nafikiri alitaka tu kusaidia, kuisimamisha. Shu ikatoka yote mkononi mwake, na mizizi yake mifupi. Fanfari ilikuwa bado inapiga. Mkuu wa wageni akatutazama sisi, sisi tukatazama chini.

Hapo mama mmoja, mzee kuliko wote katika kikundi, akatoka mstarini. Hatukumtuma. Akamwambia yule msichana, na kijana wa mjini akafasiri: "Mwanangu, hiyo shu imelala hapa usiku mmoja tu, ni mgeni kama wewe. Njoo nikuonyeshe mahali tunapofia sisi." Akampa bidoni, akatangulia kuelekea mtoni.

Wapendwa, hapa tunaingia katika Maandiko. Fungueni Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walisikia habari za Yoshua, wakaogopa. Wakatwaa magunia makuukuu juu ya punda, viriba vya divai vilivyoraruka na kushonwa, viatu vyenye viraka, mkate mkavu ulioingia ukungu. Wakaenda kambini wakasema wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli wakaonja chakula chao, wakafanya agano, wala hawakumwuliza Bwana. Baada ya siku tatu ikajulikana kwamba ni majirani.

Mtatuambia: Wagibeoni walijifanya maskini, ninyi mlijifanya matajiri, mbona mnajilinganisha nao? Ni kweli. Katika vijiji vingine tumeona uongo wa namna ya Wagibeoni kamili: siku ya wageni majembe mazuri yanafichwa, watoto wanavalishwa nguo zilizoraruka, mbuzi wanapelekwa porini. Sisi tulichukua njia ya pili. Lakini njia zote mbili zinatoka katika hofu moja, kwamba ukweli wetu kama ulivyo hautoshi kuonyeshwa. Na angalieni mwisho wao. Yoshua hakuwaua, kwa sababu ya kiapo. Aliwaweka wawe watu wa kupasua kuni na kuteka maji, wao na watoto wao. Sura ile tuliisoma miaka mingi bila kusimama kwenye neno hilo la kuteka maji. Uongo wa wazee waliokaa kwenye mkutano ulilipwa na mabega ya watu waliobeba maji. Katika bustani yetu ni vivyo hivyo. Komite ilidanganya, na waliochota bidoni 30 usiku, kisha wakaendelea kuchota miaka miwili mingine, hawakuwa komite.

Hebu tupige hesabu ambayo tungepaswa kuwapa wageni siku ile. Mboga wakati wa joto zinataka kama lita 5 za maji kwa siku kwa kila meta ya mraba. Tuta moja la meta 10 kwa 1 linataka lita 50. Matuta 26 yanataka lita 1.300, maana yake bidoni 65 za lita 20. Mwezi wa 10 kidimbwi chenye maji kilikuwa meta 400 kutoka bustanini, kwenda na kurudi ni meta 800. Bidoni 65 ni kilometa 52 kwa siku moja. Zigawe kwa wamama 22: kila mama zaidi ya kilometa 2, na nusu ya njia hiyo ana kilo 20 kichwani. Hapo hatujahesabu maji ya nyumbani, wala kutwanga, wala mtoto mgongoni. Kwa hesabu hii mtu yeyote angeelewa kwa nini matuta 11 yalikufa. Yaliyokufa yalikuwa ushahidi wa kazi, na sisi tuliyaona kuwa aibu.

Yule msichana alibeba bidoni. Safari ya kwanza alimwaga nusu, watoto wakacheka. Ya pili alifika nayo karibu nzima. Ya tatu akakaa chini ya mti akanyamaza. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alilipata saa ya kwanza, na hakukataa.

Mkuu wa wageni hakutugombeza. Ingekuwa afadhali angetugombeza. Alifungua kaye yake akauliza, kwa nini mliandika maji yanatosha? Akatueleza kwamba juu ya mstari ule mmoja walipanga bajeti yote ya mwaka: mbegu za shu za paketi, mbolea ya mifuko, mikebe 12 ya kumwagilia. Kama tungeandika kwamba mwezi wa 9 maji yanakimbia meta 400, wangepanga kisima. Sasa pesa za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kutumika, na vitu vilikuwa ndani ya jipu.

Hapa tuseme pia upande wa wageni, maana somo lisiwe la kujipiga kifua peke yake. Wageni nao wana kasoro. Mtu anayekaa saa mbili katika kijiji anaona fanfari, anaona foto, haoni mwezi wa 9. Shu walizopenda ni mboga inayopendeza kwenye foto, lakini wamama wetu hawakuziomba. Lengalenga ukiipanda, wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma, watoto wanakula na bukari. Shu inataka karibu miezi mitatu ya kumwagilia. Lengalenga ukiacha mashina machache yakomae, unapata mbegu za kujaza chupa. Nyingi ya mbegu za shu za paketi ni hibridi, hata kama zingezaa, watoto wasingefanana na mama yao, basi kila mwaka unarudi dukani. Wamama wanajua mambo hayo yote. Hakuna aliyewauliza, sio wageni, sio sisi. Sisi tulikuwa karibu zaidi.

Tuje sasa kwa Gehazi. Naamani mkuu wa majeshi ya Shamu alitakaswa ukoma wake, akataka kumpa Elisha zawadi, na Elisha akakataa kabisa. Gehazi mtumishi wake akaona hasara. Akapiga mbio nyuma ya gari la Naamani. Angalieni alivyoomba: hakusema mimi nataka. Alisema wamefika vijana wawili kutoka kwa wana wa manabii, wanahitaji talanta ya fedha na mavazi. Alitumia jina la bwana wake na umaskini wa vijana ambao hawakuwapo. Akapokea, akaficha nyumbani, akarudi akasimama mbele ya Elisha kama mtu ambaye hakwenda popote.

Mikebe 12 ya kumwagilia ilishushwa siku ile kwa jina la wamama. Baada ya wiki tatu, bustanini ilikuwa 7. Mkebe mmoja ulikuwa kwa mwenye kijiji, ambaye alisema ni ada ya ardhi. Miwili haikujulikana iliko. Na miwili ilikuwa nyumbani kwetu, sisi tunaoandika. Tulikuwa na maelezo: tunaitunza isiibwe, tunaijaribu kwenye miche ya nyuma ya nyumba. Kila Gehazi ana vijana wake wawili. Mama yule mzee alikuja asubuhi moja, akasalimu vizuri, akaulizia afya ya watoto, kisha akasema, "Baba shemasi, tumekuja kuazima mkebe wetu." Kuazima! Tuliirudisha yote miwili siku ile ile, tukiibeba wenyewe njia nzima, na watu wakitutazama.

Sisi watu wa Kanisa hili tuna sababu kubwa zaidi ya wengine ya kuogopa mambo haya. Mnajua maneno matatu tunayofundishwa tangu utoto: Bolingo, Mibeko, Misala, Upendo, Amri, Kazi. Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake N'Kamba tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1921, mwezi uliofuata msimamizi wa Kibelgiji, Léon Morel, alifika kutazama ni nini kinachokusanya watu. Huyo hakuwa mgeni mwema, na rapoti yake haikuleta mema. Lakini hatusikii kwamba huko N'Kamba waliandaa onyesho kwa ajili yake. Alikuta watu wakiomba, wakiimba, Maandiko yakisomwa, kama siku nyingine. Papa alikamatwa mwezi wa 9 mwaka ule, akahukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 hapa hapa Katanga yetu, hadi tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951 alipolala Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wakati huo Mama Marie Muilu alishika kundi huko nyumbani, katika siri na katika taabu. Na hekalu la N'Kamba lililofunguliwa mwaka 1981 lilijengwa kwa michango na mikono ya waamini, wakibeba mawe na mchanga. Watoto wa watu hao wakisimika shu za kununua ili wapendeze machoni pa wenye jipu, kuna kitu wamesahau.

Hatusemi kwamba kupokea msaada ni dhambi. Ibrahimu alipokea wageni watatu penye mialoni ya Mamre, akawapa maji ya kunawa, mkate na ndama kabla ya kujua wanaleta nini. Wageni wapokelewe vizuri, wapewe kiti na maji na chakula kilichopo. Lakini kuku watano waliochinjwa siku ile walikuwa wa wamama watano, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwatoa. Hilo nalo tuliandike kwenye hesabu.

Mwaka 2024 shirika lilimtuma mtu kupima mahali pa kisima. Tulifurahi. Mwaka 2025 ikaja barua kwamba mradi umefungwa. Mwaka ule ndio serikali ya Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada, na kazi nyingi zilizotegemea pesa zake zikasimama katika Kongo na katika nchi nyingine. Kama mwaka 2023 tungekuwa tumesema ukweli kwa wakati wake, kisima kingekuwa kimechimbwa kabla mlango haujafungwa. Hiyo ndiyo bei ya maneno mawili katika rapoti, na hakuna njia ya kuirudisha.

Basi wamama wakaamua. Wakafanya nsinsani, wamama upande mmoja, vijana na wababa upande mwingine, kila upande ukitaka kushinda kwa kutoa. Wamama walishinda, hilo halikumshangaza mtu. Vijana wakachimba mwezi wa 10, kwa makusudi: maji ya chini yakiwa yameshuka mwisho kabisa, ukiyapata wakati huo hayatakukimbia. Ukichimba mwezi wa 3 unapata maji mapema, unafurahi, na mwezi wa 9 unakuta shimo kavu. Walifika maji kwenye meta 6. Kuta wakazijenga kwa matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu, na mdomo wa kisima wakauinua juu ili mtoto asianguke na maji machafu yasiingie. Matuta yakapunguzwa kuwa 15 kwa miezi ya joto, yakafunikwa nyasi kavu, na nyasi hizo zinapunguza sana kukauka kwa udongo. Shu zinapandwa mwezi wa 5 tu, wakati wa baridi. Miezi mingine ni lengalenga.

Kikundi kingine cha vijana wanaojitolea, wa hapa hapa Lubumbashi, kiliomba kuja kutazama. Komite mpya ina wamama wanne na shemasi mmoja. Barua ya majibu iliandikwa na wamama wenyewe, ikasema: njooni mwezi wa 9, msije mwezi wa 6, na mvae viatu vya kutembea mtoni.

Kwa mazungumzo ya vikundi, tunaomba mjadiliane haya. Katika parokia yenu, nani anaandika rapoti, na wanaofanya kazi wameisikia kabla haijatumwa? Wageni wakifika kesho bila barua, watakuta nini? Wagibeoni walifanya nini kingine wangeweza kufanya, maana hofu yao ilikuwa ya kweli? Na hili la mwisho lijibiwe kwa vitendo: sekretere wa kila bustani alete kaye yake kwenye mkutano, isomwe kwa sauti mbele ya wamama, mstari kwa mstari. Mwenye jembe, ndoo au mkebe wa bustani nyumbani kwake aurudishe kabla ya siku hiyo.